Mtenzi na Manamba: Kazi ya Mashamba Makubwa katika Fasihi ya Kiswahili

Nchi ya Tanga, tangu Pangani kusini hadi Horohoro iliyo mpakani kaskazini, ilijulikana katika karne ya 20 kwa mambo mawili. La kwanza ni mkonge, ambao singa zake zilisafiri mpaka Ulaya na Marekani. La pili ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui mwaka 1962, ambaye nathari na mashairi yake yameifikisha lugha yetu mahali ambapo haikuwa imefika. Mambo hayo mawili yalikaa katika ardhi moja na kwa wakati mmoja. Katika makala haya nakusudia kuuliza ni wapi yalipokutana. Yaani, mtu aliyekata mkonge alipata nafasi gani katika fasihi iliyoandikwa karibu naye. Nadhani jibu litatuonyesha upungufu ambao hauko kwa mwandishi mmoja tu, bali umo katika namna ambayo fasihi yetu imeitazama kazi ya ujira.

Yafaa kwanza tukumbuke kazi yenyewe. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, na miche 62 iliyosalimika safarini ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yalienea bondeni kote kufuata reli, na mwaka 1964 mavuno ya Tanganyika yalipita tani 200,000. Kazi ya namna hiyo ilitaka watu wengi mno, na wenyeji wa pwani, Wadigo, Wabondei na Wazigua, walikuwa na mashamba yao na minazi yao, wala hawakuona sababu ya kuyaacha. Kwa hiyo watu walitafutwa kwa nguvu na kwa hila. Mwaka 1907 utawala wa Kijerumani wa Wilhelmstal, yaani Lushoto, uliwapa wenyeji kadi zilizowalazimisha kumfanyia mlowezi kazi ya siku 30 katika kila miezi 4. Walowezi walipoona kuwa watu wa karibu hawatoshi, waliwatafuta wa mbali: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde, na watu wa Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandika watu, ambayo wafanyakazi waliiita Silabu.

Aliyeandikwa huko alipandishwa katika lori au gari la moshi, akapewa namba, akaletwa kambini. Mkata mkonge alianza alfajiri, akaondoa miiba ya ncha za majani, akayafunga mafungu ya majani 30, kisha akayachukua mabegani mpaka penye reli ndogo ya shamba. Toka hapo majani yalikwenda korona, mashine inayoyaponda na kuacha singa. Nyapara alihesabu mafungu. Hesabu ikitimia, siku iliandikwa katika kipande. Ikipungua, siku haikuandikwa, hata kama jua lilimkuta mtu shambani na kumwachia huko huko. Kipande kilikuwa na nafasi 30, na ujira haukulipwa mpaka zijae. Kwa hiyo mwezi wa mkata mkonge haukuwa mwezi wa kalenda. Ulikuwa mwezi wa kipande, na mtu mgonjwa au dhaifu aliweza kuwa na mwezi mrefu kuliko mwenzake.

Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kusimama kidogo na kuyatazama majina. Mtu huyo aliitwa manamba, kwa sababu ya namba aliyopewa. Kadi yake iliitwa kipande, neno ambalo maana yake ya kwanza ni sehemu ndogo ya kitu. Kabla ya hapo, katika Unguja na Mrima wa karne ya 19, mtu wa kazi ya siku aliitwa kibarua, yaani barua ndogo, kwa sababu ya cheti alichopewa. Na aghalabu kibarua wa zamani hizo alikuwa mtumwa aliyekodishwa, ujira wake ukagawanywa baina yake na bwana wake. Katika siku zetu amezaliwa deiwaka, ambaye jina lake limetoka katika Kiingereza na maana yake ni mtu wa kazi ya siku moja. Ukiyapanga maneno haya kwa zamu utaona kuwa, kwa muda upatao miaka 150, Kiswahili kimemwita mtu wa ujira kwa jina la karatasi inayomshika au la muda anaokodiwa. Hakikumwita kwa jina la kazi anayoifanya. Mvuvi huitwa kwa kuvua, mkulima kwa kulima, mhunzi kwa kuhunzi chuma chake. Lakini manamba huitwa kwa safu yake katika daftari la mtu mwingine.

Sasa tumgeukie Shaaban Robert. Hakuna mwandishi wa Kiswahili aliyeisifu kazi kuliko yeye. Mmoja wa vitabu vyake vya mwisho, kilichotoka mwaka 1968 baada ya kufa kwake, aliuita *Siku ya Watenzi Wote*. Na neno hilo mtenzi, mtu ajulikanaye kwa atendalo, laweza kuwekwa kama kichwa cha maandishi yake yote. Katika *Utubora Mkulima*, kilichotoka mwaka huo huo, Utubora anaiacha kazi ya mshahara kwa tajiri Ahmed mjini, akaenda kuishi Busutamu na kulima. Kitabu hicho ni sifa ya jembe na jasho. Walakini tuangalie ni kilimo gani kinachosifiwa. Utubora aliingia shambani kwa hiari yake. Yeye mwenyewe hujipangia siku yake. Huamka kwa mapenzi ya kazi, na hakuna nyapara anayehesabu alichokitenda. Shamba la Busutamu ni mahali ambapo mtu aliyechoka na dunia ya fedha huenda kupata utulivu. Kwa maelfu ya watu waliokuwa katika nchi ya mwandishi, shamba lilikuwa kinyume chake: ndipo mahali ambapo dunia ya fedha iliwakamata.

Wala haiwezekani kusema kuwa mwandishi hakuwa na habari. Alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na Pangani ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Tangu 1946 hadi 1952 alikuwa katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na baadaye, hadi 1960, katika ofisi ya upimaji wa ardhi papo hapo Tanga. Marobota ya singa yalipita bandarini mwake na ardhi ya mashamba ilipita katika karatasi za ofisi yake. Hata hivyo katika riwaya zake manamba hawi mhusika mkuu hata mara moja.

Huenda msomaji akamtetea kwa kusema kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuwa huru kuandika kila alichokiona. Hoja hiyo ina uzito, na ushahidi wake mkubwa ni *Kusadikika*, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Humo Karama anashitakiwa mbele ya baraza kwa kosa la kuanzisha mafundisho ya uanasheria. Yatupasa tufikiri mara mbili juu ya shitaka hilo. Mwandishi anayekaa katika nchi ya mashamba ya mkataba, ambako watu wasiojua kusoma walitia dole gumba katika karatasi wasizozielewa, alichagua kuwa kosa la shujaa wake liwe ni kuwafundisha watu sheria. Sidhani kuwa hilo lilimjia kwa bahati. Ikiwa yuko mahali ambapo Shaaban Robert alisema jambo linalomhusu manamba, basi ni hapo.

Lakini utetezi huo unatuonyesha pia mpaka wa njia aliyoichagua. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Ndani yake dhuluma ina sura ya wakuu wenye majina ya tabia, na haki ina sura ya hoja nzuri iliyosemwa vizuri barazani. Fumbo la namna hiyo lilimwezesha mwandishi kupita mahali ambapo maneno ya wazi yangezuiwa, na kwa hilo twamshukuru. Walakini fumbo haliwezi kutuambia kuwa siku ya mtu ilifutwa kwa sababu ya mafungu machache yaliyopungua. Dhuluma ya shambani ilikuwa ya hesabu: ya mafungu, ya siku, ya posho, ya senti. Jambo la hesabu likipandishwa hewani hupoteza tarakimu zake, na bila ya tarakimu hizo msomaji hawezi kujua nani alimdhulumu nani, wala kwa kiasi gani.

Kwamba riwaya ya Kiswahili inaweza kuishika dhuluma ya hesabu twaona katika *Kuli* cha Adam Shafi, kilichochapishwa mwaka 1979. Rashidi, kijana wa Unguja, anaingia kazi ya bandarini ambayo babaye aliifanya kabla yake, na kitabu kinatupeleka hatua kwa hatua mpaka mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Nguvu ya kitabu hicho ni kuwa kinamfuata mtu wa ujira mahali pake pa kazi. Twajua uzito wa mzigo, saa ya kuajiriwa, jeuri ya msimamizi, na namna watu waliokuwa wakigombea kazi walivyofika kuelewa kuwa wana jambo moja. Jina lenyewe, kuli, ni neno la dharau lililotoka Bara Hindi kwa njia ya biashara, na mwandishi akaliweka juu ya jalada ili msomaji alichukue kwa heshima. Mwaka mmoja kabla yake, katika *Kasri ya Mwinyi Fuad*, mwandishi huyo huyo alikuwa amekwisha kuyaingia mashamba ya mikarafuu. Ninacho kijilalamiko kimoja juu ya *Kuli*: mgomo wake unakuja kama ufunguo wa kila kufuli, na baadhi ya wahusika husema kama watu wanaosoma tangazo la chama. Hata hivyo kasoro hiyo ni ya mwandishi aliyekwenda mahali penye jambo, na ni afadhali kuliko usafi wa lugha wa mtu aliyepita mbali.

Basi kwa nini kuli wa bandarini alipata riwaya yake na manamba wa Tanga hakupata iliyo sawa nayo? Yako majibu yanayosemwa, nami nitayapima.

Jibu la kwanza ni kwamba habari za mkonge hazikuwa na kisa kikubwa. Hilo si kweli. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde walifanya mgomo mrefu uliotikisa wilaya nzima, na shauri lake kubwa lilikuwa ni nani mwenye haki ya kusema kwa niaba ya wafanyakazi: mabaraza yaliyopangwa pamoja na wenye mashamba au chama chao wenyewe. Victor Mkello, aliyekiongoza chama cha wafanyakazi wa mashamba, alikuja kuwa rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kisha mwezi wa Januari 1963, baada ya migomo ya mkonge, serikali ya nchi iliyokwisha pata uhuru ikamhamishia Sumbawanga. Mtu aliyepigania haki chini ya mkoloni na kuadhibiwa chini ya wenzake ni kisa kinachotosha riwaya mbili.

Jibu la pili ni kwamba manamba alikuwa mgeni, na Kiswahili hakikuwa lugha yake ya nyumbani. Hapana shaka watu wa pwani walimtazama hivyo. Utamaduni wa ushairi wa pwani ulikuwa wa mji, wa ukoo na wa dini, na kambi ya mkonge haikuwa na mojawapo ya hayo. Lakini hoja hii inageuka na kuwashika wanaoisema. Katika kambi hizo Muha na Mmakonde hawakuwa na lugha nyingine ya kusemezana. Walijifunza Kiswahili huko, wakakichukua na kurudi nacho kwao pamoja na shuka na sufuria. Twaandika vitabu juu ya wamisionari, shule na maredio vilivyoeneza Kiswahili bara. Aghalabu tunasahau kuwa mtu wa mkataba alikieneza kwa miguu yake. Hata muziki wa mji wa Tanga una alama zao: bendi ya Jamhuri Jazz, iliyovuma katika miaka ya 1960 na 1970, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Lugha iliyofaidika hivyo kwa watu hao inadaiwa nao.

Jibu la tatu ni kwamba habari zao zimekwisha andikwa na wanahistoria. Ni kweli, mathalani Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago walitoa mwaka 1983 kitabu chenye thamani juu ya wafanyakazi wahamiaji wa mkonge. Lakini kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa manamba aliyebaki Korogwe au Muheza hakukisoma.

Mtu akitaka kuona matokeo ya ukimya huu, na aende Horohoro. Mpaka uliokatwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwagawanya Wadigo, na leo upande huu ni Horohoro katika wilaya ya Mkinga, upande ule ni Lunga Lunga. Katika Kenya ya walowezi, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kipande kilikuwa hati ya utambulisho ambayo mwanamume Mwafrika aliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Na hata leo Wakenya wengi huita kitambulisho chao cha taifa kipande. Kadhalika manamba, akivuka hapo, huwa ni kijana anayeita abiria katika matatu. Neno limehama, likacheka, likasahau lilikotoka. Lugha ina haki ya kufanya hivyo. Walakini neno ambalo fasihi imelishika halisahauliki kwa urahisi namna hiyo, kwani msomaji wa *Kuli* hawezi tena kulisikia neno hilo bila ya kumkumbuka Rashidi.

Msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya kale tu. Mkonge ulianguka, na mwishoni mwa karne ya 20 mavuno yake yalikuwa kiasi cha sehemu moja katika kumi ya yale ya 1964. Lakini kazi ya mashamba makubwa haikwisha. Mkoa wa Tanga una mashamba ya miti pia: misaji ya Longuza katika Muheza, na misonobari ya Shume katika Lushoto, milima ambayo tangu zamani za Wajerumani magogo yake yalikuwa yakiteremshwa kwa kamba ya chuma hadi Mkumbara penye reli. Mti nao una kazi zake: kuotesha miche, kupalilia, kupogoa matawi, kuangusha, kuburura magogo. Nyingi ni za msimu, na baadhi, kama kuangusha, ni za hatari. Mtu wa msimu ndiye ambaye ni rahisi kumwita deiwaka na kumwacha jioni bila ya karatasi yoyote.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 iliweka mambo mema: saa za kazi zisizidi 45 kwa juma, likizo ya siku 28 kwa mwaka, siku 84 za uzazi, na maelezo ya kazi kwa maandishi. Lakini sheria hiyo hiyo ilitambua mkataba wa kazi maalumu, na ulinzi wake dhidi ya kuachishwa kazi bila ya haki haukumfikia aliyekaa na mwajiri chini ya miezi 6. Mtu wa msimu asiyefikisha miezi hiyo kwa mwajiri mmoja alibaki nje ya ulinzi huo. Hili ni jambo ambalo mzee wa kipande angelielewa mara moja, na linafaa kuelezwa kwa maneno yake. Zaidi ya hayo sheria iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania, na kwa hiyo kazi ya kuyapata maneno yanayomfaa mtu wa shambani imetua mikononi mwa watu wa lugha, yaani mikononi mwetu. Tukiifanya kwa kukaa na kamusi tu, tutampa mfanyakazi sheria iliyo safi kama Kusadikika na iliyo mbali kama Kusadikika.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. La kwanza, maneno ya kazi yakusanywe kambini na vijijini, Korogwe, Muheza, Mkinga na Pangani, maadamu wako wazee waliofanya kazi chini ya kipande na wanaoweza kusema korona ilikuwaje, fungu lilihesabiwaje, na nyapara aliitwaje alipokuwa hayupo. Wazee wetu wa taaluma walizunguka pwani wakitafuta miswada ya tenzi. Nyimbo za wakata mkonge hazina miswada, na hufa pamoja na wenyewe. La pili, kamusi zetu zisitosheke na kusema kuwa manamba ni mfanyakazi wa mkataba wa shambani. Zieleze namba ilitoka wapi, nani aliitoa, na neno lilibadilikaje lilipovuka mpaka. La tatu ni la waandishi. Wakitaka kumfuata Shaaban Robert, wamfuate katika ujasiri wa Karama wa kufundisha sheria, kisha waiteremshe hadithi ardhini, penye mafungu ya majani 30 na siku isiyoandikwa. Naye manamba atakayekuwa mhusika wao mkuu apewe jina lake alilopewa na wazazi wake, kabla ya Silabu kumpa namba.